Upande wa Chini wa Sinia

Alasiri ile ilikataa kwisha. Jua lilifika mahali pale ambapo watu huanza kuulizana mboga ya jioni ni nini, likasimama papo hapo, kama mgeni aliyekaribishwa kwa adabu tu naye akakaa kweli. Watu walilala, wakaamka, wakalikuta palepale. Wakaacha kuhesabu siku, wakahesabu usingizi. Na usingizi nao ukaja kupotea hesabu, kwa kuwa kila mtu alilala kwa wakati wake. Huyu akisema huu ni wa ishirini, yule akisema wa arobaini, na wote wawili walikuwa wakweli. Watoto walioanza kuota meno wakabaki wanaanza kuota meno. Vikongwe wakabaki wanakaribia kufa. Kilichoendelea kusogea ni kimoja tu, nacho ni maji ndani ya visima, na yalisogea kwenda chini.

Katika mji huo Sikudhani binti Mwaka alikuwa mwangalizi wa sinia, na shida yake yote ilitoka hapo.

Naomba nisichekwe nikieleza. Kila mji una kitu unachokiamini kuliko akili zake. Kuna miji inayoamini karatasi, kuna miji inayoamini bunduki. Mji ule uliamini vidudu. Ni vidudu vya kijivu, ukubwa wa punje ya mbaazi, vina miguu saba huku na saba huku, hukaa chini ya magogo na mawe na mitungi, na vikiguswa hujikunja vikawa duara. Watu wa pale waliviita viviringo. Ngozi yao haijui kuzuia maji yasitoke mwilini, na hupumulia chini ya tumbo, mahali ambapo ni lazima pawe na unyevu. Pakikauka, pumzi haipiti. Kwa hiyo mwanadamu huujua ukame siku ndoo inapogonga mawe ya kisima, lakini kiviringo kimeshaujua zamani, hewa ilipobadilika tu.

Desturi ilikuwa hivi. Sinia la udongo wa kuchoma, pana kama ungo, liliachwa uwanjani usingizi mzima linywe hewa ya mji. Kisha mwangalizi alilichukua nyumbani kwake, akatia viviringo kumi na viwili katikati, akalitoa mbele ya watu. Hewa ikiwa bado ina unyevu, viviringo hutembea kidogo, vikapunguza mwendo, vikakusanyika, kimoja kikapanda mgongo wa kingine, vikatulia. Maana yake: kaeni. Hewa ikiwa kavu, hukimbia, vikageuka kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, wala havitulii mpaka mtu avionee huruma. Maana yake: fungeni mizigo. Na kulikuwa na alama ya tatu, ambayo hakuna aliyeiona kwa macho yake isipokuwa Bi Mwaka, mama yake Sikudhani, mwangalizi wa kabla yake, huko kwenye mji uliotangulia: viviringo vyenyewe, bila kutolewa na mtu, vinaacha giza na kwenda kwenye mwanga. Maana yake: ondokeni, hata kuagana msiagane.

Mji ulikuwa umeshahama mara mbili, na kuhama kulikuwa na sheria moja: mtu mzima asiyeweza kutembea habebwi. Walisema mwenye kubeba mtu hunywa maji ya wawili akachelewesha mia. Kwa hiyo asiyeweza kutembea aliachiwa mtungi mmoja, akaombwa radhi, kisha akarudishiwa mlango. Na mwangalizi wa sinia alianza kwake, ili asitokee wa kusema kwamba mwenye kutoa habari hana cha kupoteza.

Bi Mwaka miguu yake ilikuwa imekufa tangu kiunoni.

Sasa nitasema Sikudhani alichofanya, maana kukizungukazunguka hakutakipunguza. Kila mara kabla ya kulitoa sinia uwanjani, alichovya kitambaa katika kikombe chake cha maji ya kunywa, fungu lake mwenyewe, akalipangusa sinia upande wa chini. Udongo hunywa. Hufiki kuhesabu ishirini, unyevu umeshapanda juu bila kuonekana, na viviringo vikiwekwa hupoa, vikakusanyika, vikapandana. Watu walishusha pumzi. Jumbe Machano, mkuu wa mji, alisimama akasema maneno yale yale, "Tumetulia," na kila mtu akarudi kwake kutulia. Vidudu havikusema uongo hata kidogo. Vilisema kweli yote viliyoijua, kwamba hapa tulipo pana maji. Habari za mji havikuulizwa.

Mara ya kwanza Sikudhani alijiambia ni mara moja tu. Mara ya pili hakujiambia kitu. Baada ya hapo akawa anajisemesha vipandevipande, kwa kuwa koo kavu halitoi maneno marefu.

Sikuiba. Ni maji yangu.

Mtu haui kwa maji yake mwenyewe.

Mvua itanyesha. Ikinyesha nitakuwa nimewaokoa na safari ya bure.

Isiponyesha.

Ni mama yangu.

Damu nzito kuliko maji. Wamesema wenyewe, si mimi.

Na lipo swali lililomla kuliko hofu. Kiviringo hakijui maji yalipo. Hakina macho ya kuyaona kwa mbali, wala hakuna anayekielekeza. Kinalolijua ni jambo moja: pakavu, kaza mwendo, pabichi, punguza. Basi kwa kuhangaika huku na huku, bila njia na bila nia, kinajikuta kimefika penye unyevu, na anayekitazama kwa juu husema, "Tazama kilivyo na akili, kimechagua." Sikudhani alijiuliza kama yeye aliwahi kuchagua chochote. Alipokichovya kitambaa mara ya kwanza, aliamua? Au alikuwa tu mahali pabichi, kando ya kitanda cha mama yake, akapunguza mwendo? Na Jumbe juu ya kiti chake, je? Na mji mzima uliokuwa ukisema umetulia? Aliligeuza swali hilo mpaka likamkwaruza, kwa sababu kama hakuchagua basi hana kosa, na kama hana kosa mbona hakuweza tena kumeza hata hayo maji machache aliyojibakizia.

Usingizi mmoja alijiona yumo ndani ya sinia. Miguu yake ilikuwa kumi na minne na yote ilikuwa ikikimbia, kulia, kushoto, kulia, na kila ukingo alioufikia ulimgeuza. Juu yake palikuwa na uso mkubwa uliojaza mbingu, unamtazama ili ujue la kufanya. Uso ulikuwa wake mwenyewe. Kisha ukawa wa mama yake, wa siku zile mama alipokuwa akitembea. Kisha ukawa wa mwanamke asiyemjua, mwenye vumbi la mlango nyweleni, naye alijua bila kuambiwa kwamba huyu ndiye bibi yake aliyeachwa katika mji uliotangulia. Bibi akainama, akauliza kwa upole, "Chini umeweka nini, mjukuu wangu?" Sikudhani akajikunja asijibu. Alipoamka alikuwa amejikunja vilevile, magoti kifuani, na hakuwa na hakika aliyeamka ni nani kati yao watatu.

Wasomaji wenye haraka wataniuliza kama mtu yeyote alishuku. Alishuku mmoja. Katika kuonyesha sinia mara ya nane, Jumbe Machano alishuka kwenye kiti chake, akaja karibu, akauingiza mkono chini ya ukingo kana kwamba anasaidia kulishika. Sikudhani akahisi moyo umesimama kama jua. Jumbe akakitoa kidole, akakitazama kilivyong'aa, akamtazama Sikudhani usoni, akakifuta kwenye kanzu. Kisha akawageukia watu. "Tumetulia," akasema. Maana Jumbe mwenye mji ni jumbe, na jumbe mwenye watu njiani ni mzee tu anayeumwa na nyonga.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Kazija, fundi wa mikeka, shoga yake Sikudhani tangu utoto. Kazija alikuwa na binti mchanga, Shani, wa wale walioanza kuota meno tangu jua liliposimama. Alimbeba mgongoni kwa mbeleko ya kanga yenye maua ya njano, hata alipokuwa akisuka. Baada ya ile mara ya nane, maziwa yakamkauka kifuani. Alikuja mlangoni mwa Sikudhani akicheka kwa aibu, akasema, "Shoga, sinia linasema tumetulia, mbona mimi nakauka? Au mimi siko mji huu?" Sikudhani alimpa kikombe chake chote. Usingizi huo hakubakiza hata tone la kulowesha kitambaa cha sinia. Na kwa kuwa hapakuwa na mkutano wa kuonyesha sinia usingizi huo, hakuna aliyejua. Lakini kikombe kimoja si kisima. Siku mbili, kama tukisema siku, Shani alilia, kisha akaacha kulia, na kuacha kwake kukawa kubaya kuliko kulia.

Alizikwa alasiri. Wakati mwingine haukuwepo. Kazija hakuifungua mbeleko. Aliendelea kutembea nayo mgongoni, imelegea, na kila akiinama kuchukua ukindu alipeleka mkono nyuma kumshikilia mtoto asianguke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajidai kuueleza. Nitasema tu kwamba Sikudhani aliuona mkono ule ukienda nyuma mara moja, akaingia ndani, akafunga dirisha la upande ule.

Bi Mwaka alikuwa macho kitandani. Kitanda kilikuwa cha kamba, na chini yake, kando ya mtungi, ndipo viviringo vilipofugwa, kwenye magome ya mti yaliyooza. Alimpapasa bintiye kichwa kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyompapasa siku zote. Kula alikula kwa kulia, kusuka alisuka kwa kulia, lakini tangu Sikudhani azaliwe hakupata kuguswa na mama yake kwa mkono huo, na alipokuwa mdogo alidhani labda kuna ubaya mwilini mwake yeye.

"Nilisikia nyayo za mazishi," akasema Bi Mwaka. "Mbebaji mmoja. Hakuwa na wa kupokezana naye."

"Alikuwa mdogo, mama."

"Najua udogo wake. Alikuwa akilia ukutani kwangu. Unapangusa upande wa chini, siyo?"

Sikudhani aliuficha uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Mimi nilipangusa pia. Mara mbili, mji ule uliotangulia. Kisha nikaona nitawaua, nikaacha, nikamrudishia mama yangu mlango. Usifikiri umevumbua kitu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Kuna mambo hayaambiki mpaka mwenzio awe ameyafanya." Bi Mwaka akageuza uso ukutani. "Kiviringo cha kike kinapozaa, mwanangu, hubeba watoto tumboni ndani ya maji yake mwenyewe, kama mtungi mdogo. Ardhi ikikauka, watoto hawajui. Wanaogelea. Ndivyo unavyonibeba. Sikulaumu. Lakini mimi si mtoto, nami najua kama pamekauka."

Sikudhani alilia bila machozi, kilio kikavu cha mji ule, akapitiwa na usingizi sakafuni. Kilichomwamsha ni kutekenywa mkononi. Kiviringo kilikuwa kikipita juu ya vidole vyake. Nyuma yake kulikuwa na kingine, na kingine, msururu mzima ukitoka chini ya kitanda, ukivuka sakafu, ukienda kizingitini ambako mlango ulikuwa wazi na jua limelala. Havikugeuka kulia wala kushoto. Vilikwenda moja kwa moja mwangani, vidudu ambavyo maisha yao yote ni kukimbia mwanga, na vilivyofika juani viliendelea kutembea mpaka vikasimama, na vilivyosimama havikujikunja.

"Mama!"

"Naviona."

"Vinatafuta nini kwenye jua?"

"Havitafuti jua. Vimechoka na kivuli kisicho na maji." Sauti ya Bi Mwaka ilikuwa tulivu mno. "Kila ukinipa kikombe nilikuwa namwaga nusu kupitia kwenye kamba, visife. Ndiyo maana unyevu wa mji mzima ulikuwa chini yangu. Tangu azikwe yule mtoto, nimeacha kumwaga."

Sikudhani akatazama chini ya kitanda. Kando ya mtungi vikombe vilikuwa vimepangwa vinne, vimefunikwa kwa visahani, vimejaa pomoni.

"Haya ya kwako ya njiani," akasema mama yake. "Mimi wataniachia mtungi. Nenda kawaambie."

Alikwenda. Hakulichukua sinia. Alizoa viviringo kadhaa vikavu kizingitini, akavishika kwenye kiganja, akapiga ngoma ya uwanjani kwa mkono mwingine mpaka watu wakatoka. Alivimwaga mbele ya kiti cha Jumbe. Vilitoa mlio mdogo wa mbegu.

"Vimetoka vyenyewe," akasema. "Chini ya kitanda cha mama yangu. Vimekwenda kwenye mwanga."

"Juzi vilitulia," akasema mtu.

"Juzi nililowesha sinia. Na kabla ya juzi. Mara zote nililowesha, upande wa chini, nisije nikamrudishia mama yangu mlango. Nimewadanganya. Kazija, nimekudanganya."

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa mawe, kwa matusi, kwa mikono. Alikuwa amefumba macho. Lakini hasira nayo inataka mate. Mzee mmoja aliinama akachukua konzi ya mchanga, akaushika kwa muda, akauacha uvuje kati ya vidole. Jumbe Machano alisema, "Mwanamke mwovu," kwa sauti ya kutafuta wa kumwitikia, na hakuna aliyemwitikia. Naye akakifuta kidole chake kwenye kanzu, kilekile, ingawa kilikuwa kikavu. Mkono wa Kazija ulikwenda nyuma, ukakuta kanga tupu, ukarudi.

Wakaenda kufunga mizigo. Hawakuagana.

Sikudhani alirudi nyumbani kuanza kwake, kama sheria ilivyotaka. Aliujaza mtungi maji ya vile vikombe vinne, akausogeza karibu na kitanda. Akapiga magoti kuomba radhi.

"Nimeshakuwia radhi," akasema Bi Mwaka. "Inuka urudishe mlango, usitazame nyuma. Mimi nilirudisha, wala mkono wangu haukukatika."

"Ulirudisha kwa mkono upi?"

Mama akauficha mkono wa kulia chini ya shuka kama mtoto aliyekutwa na sukari, na Sikudhani akaelewa miaka yake yote kwa mara moja.

Alisimama mlangoni. Alishika ubao. Ulikuwa mwepesi, bawaba zimepakwa mafuta, mlango wa kurudi kwa kidole kimoja. Na alipouvuta nusu alimsikia mwanamke wa vumbi nyweleni akivuta pumzi upande wa pili, na hakujua tena yeye yuko upande upi. Na hapo, wasomaji, ndipo swali lake lilipopata jibu, au lilipokufa, mimi sijui tofauti. Mahali alipokuwa palikuwa pakavu kabisa. Nje kulikuwa na watu wanaokwenda. Kila kitu kilimwambia kaza mwendo. Aliuachia mlango, akarudi ndani, akachuchumaa kando ya kitanda, akampa mama yake mgongo.

"Usifanye ujinga," akasema Bi Mwaka. "Watakukataza."

"Mtungi tutauchukua, na maji yangu nitakunywa nusu. Nimezoea."

Watu walipita wakiwa na mizigo vichwani, ndoo tupu zikigongana. Hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemngoja. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wote waliomtazama waliona usufi. Bi Mwaka alikuwa amepungua lakini hakuwa mwepesi. Miguu yake iliyokufa ilichora mistari miwili vumbini, na mkono wake mmoja, wa kushoto, ulimkaba bintiye shingo. Kila hatua kumi Sikudhani alisimama, akainama mpaka mgongo ukawa duara, akamsukuma mama juu, akaendelea. Baada ya kusimama mara sita, walikuwa wa mwisho.

Hawakuwa wa mwisho. Nyayo zilikuja nyuma yao. Kazija alikuwa ametoka makaburini, na kwa kuwa hakuwa na mzigo wowote alitembea upesi. Alifika sambamba nao, akapita, akaenda hatua tano au sita mbele. Akasimama. Akasimama kwa muda mrefu akiwa amewapa mgongo, na ile kanga yenye maua ya njano ikining'inia.

Akaifungua.

Alirudi nayo mkononi. Hakumtazama Sikudhani usoni. Aliipitisha chini ya makalio ya Bi Mwaka, akaivuta, akaipitisha juu ya bega moja na chini ya kwapa jingine, akaileta kifuani.

"Kazija," akasema Sikudhani.

"Sijakusamehe." Alikuwa akifunga fundo, mara mbili, kama linavyofungwa la mtoto. "Wala sitakusamehe. Miguu yake inaburuta."

Akalijaribu fundo kwa kulivuta. Likashika. Akamtazama yule kikongwe aliyening'inia upande mmoja, mkono mmoja shingoni mwa bintiye na mwingine umekunjwa kifuani mwake mwenyewe.

"Shika kwa mikono yote miwili, bibi," akasema. "Utaanguka."

Bi Mwaka alikawia. Kisha Sikudhani akahisi mkono wa kulia unakuja.